Mnunuzi wa Samaki wa Magendo Naye Ni Mvuvi

Wako watu wengi wa milimani ambao wakisikia habari za sheria ya samaki hufikiri ya kuwa ni habari za watu wa Kisumu, Homa Bay na Lamu. Husema, "Sisi wa Kaaga tuna kahawa, ndizi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Hatuna ziwa wala bahari. Sheria ya samaki yatuhusu nini?"

Nasema yatuhusu sana, tena kwa njia tatu. Kwanza, sisi twanunua samaki. Pili, baadhi yetu twafuga samaki katika mabwawa ya nyumbani. Tatu, dawa ambazo watu wabaya huzitumia kuua samaki hutoka katika maghala ya wakulima. Nitazitaja njia hizi moja moja, nawe mkulima upime maneno yangu kama unavyopima mbegu kabla ya kuipanda.

SHERIA YASEMA NINI

Katika Kenya tunayo Sheria ya Kusimamia na Kuendeleza Uvuvi ya mwaka 2016. Sheria hiyo yakataza kuvua kwa baruti, kwa sumu na kwa nguvu za umeme. Yakataza pia nyavu na mitego isiyoruhusiwa. Mambo hayo watu wengi wameyasikia.

Lakini liko jambo ambalo wengi hawajalisikia. Sheria haimshiki mvuvi peke yake. Yakataza pia kuuza, kusafirisha, kupokea au kuwa na samaki waliopatikana kwa njia hizo mbaya, ikiwa mtu anajua, au ana sababu ya kuamini, ya kuwa ndivyo walivyopatikana. Mvuvi, mwenye lori, mwenye hoteli na mwenye kikapu, wote wamo.

Maneno hayo "ana sababu ya kuamini" yafaa tuyaelewe vizuri. Mtu akikuletea ng'ombe wa maziwa saa nane za usiku, hana kamba yake, hana barua ya chifu, naye ataka nusu ya bei ya sokoni, huwezi kusema baadaye kwamba hukujua. Macho yako yalikuambia, na bei ilikuambia. Ndivyo ilivyo kwa samaki. Hakuna anayetaka kumfunga mama aliyenunua samaki mmoja wa chakula cha jioni bila kujua asili yake. Lakini mtu anayenunua gunia zima la vichanga vya samaki kwa bei ya kutupa, wala haulizi vimetoka wapi, huyo amekwisha kuambiwa na gunia lenyewe.

Sheria ya namna hii si ya Kenya peke yake. Marekani inayo sheria iitwayo Lacey, iliyoanza mwaka 1900, inayokataza biashara ya wanyama waliopatikana kinyume cha sheria, na baadaye ikaongezwa nguvu juu ya samaki pia. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Januari 2010, hazipokei samaki wa baharini kutoka nchi za nje bila cheti kinachoonyesha ya kuwa wamevuliwa kwa halali. Watu wa huko waliona ya kuwa kumfukuza mvuvi mwizi baharini ni kazi ngumu, maana bahari ni pana. Lakini mlango wa soko ni mwembamba, na hapo ndipo mwizi apitapo.

SISI WA MERU TWAYAJUA MAMBO HAYA

Asiyeamini ya kuwa mnunuzi ndiye chanzo, na akumbuke habari za ndovu na vifaru wetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliua wanyama wengi sana katika Mbuga ya Meru. Mwaka 1988 vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa katika mbuga hiyo waliuawa kwa risasi. Askari walikuwapo, bunduki zilikuwapo, na sheria ya kukataza kuwinda ndovu ilikuwapo tangu mwaka 1973. Mbona wanyama walizidi kufa? Kwa sababu ng'ambo ya bahari walikuwapo watu wenye fedha waliongoja pembe.

Mwezi wa Julai 1989 Rais Moi alichoma moto tani 12 za pembe za ndovu mjini Nairobi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mataifa yalikubaliana kufunga biashara ya pembe za ndovu duniani. Bei ya pembe ilianguka, na mauaji ya ndovu katika Kenya yakapungua sana kwa miaka mingi. Bila shaka askari waliongezwa nguvu pia. Lakini fundisho ni wazi: jangili hukaa macho usiku kucha kwa ajili ya mtu ambaye hajapata kumwona, naye ni mnunuzi.

Hali kadhalika kwa kahawa. Kila mwana ushirika ajua ya kuwa mwizi wa kahawa mbichi shambani hawezi kuinywa kahawa hiyo. Huiiba kwa sababu yuko mtu anayeinunua gizani. Mwondoe mtu huyo, na mwizi atalala.

HABARI ZA NGEGE WA ZIWA VICTORIA

Sasa tuitazame Ziwa Victoria, maana samaki wengi wanaofika katika masoko ya milimani hutoka huko. Miaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham aliletwa kulichunguza ziwa hilo. Aliona ya kuwa ngege, samaki aliyependwa kuliko wote wakati ule, alikuwa akianza kupungua kwa sababu ya nyavu. Alishauri nyavu zenye tundu chini ya inchi 5 zisitumike, ili ngege wadogo wapite na kukua. Ushauri huo ulifanywa kuwa sheria katika miaka ya 1930.

Lakini nyavu za tundu ndogo ziliendelea kutumika, na ngege waliovuliwa nazo waliendelea kupata wanunuzi. Miaka ya 1950 sheria hiyo ilianza kulegezwa, na ngege wakazidi kupungua. Baadaye ukaja mbuta, samaki mkubwa mla samaki wenzake, akamaliza kazi. Leo ngege wa asili ni nadra sana katika ziwa kubwa, na samaki tunayemwita ngege au tilapia sokoni ni wa aina nyingine iliyoletwa kutoka maji mengine.

Twaweza kumlaumu mvuvi, nasi twaweza kumlaumu mbuta. Lakini tusisahau ya kuwa kila ngege mchanga aliyetolewa majini alinunuliwa na mtu, akapikwa, akaliwa. Kama asingalinunuliwa, wavu ule ungalikuwa hasara kwa mwenyewe.

HESABU YA NDAMA

Katika Kenya mbuta wa Ziwa Victoria anayeruhusiwa ni yule mwenye urefu kati ya sentimita 50 na sentimita 85. Aliye chini ya 50 bado ni ndama. Aliye zaidi ya 85 mara nyingi ni jike mkubwa wa kuzaa, na jike kama huyo hubeba mayai mamilioni. Tilapia wa ziwani asipungue sentimita 25.

Mfugaji hana haja ya kuelezwa sana sababu yake. Ndama jike hauzwi kwa mchinjaji, na ng'ombe wa mbegu hachinjwi. Lakini iko hesabu moja ambayo yafaa kuiweka wazi. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka karibu mara nane, maana huongezeka kwa urefu, kwa upana na kwa unene. Kwa hiyo anayenunua mbuta wanane wa sentimita 25 amepata kiasi cha nyama ya mbuta mmoja wa sentimita 50. Amemaliza samaki wanane kwa chakula cha samaki mmoja. Tena hao wanane hawakupata kuzaa hata mara moja.

Basi mtu akikuambia ya kuwa samaki wachanga ni rahisi, mwambie si rahisi. Bei yake ni ndogo leo kwa sababu sehemu kubwa ya bei hiyo italipwa na watoto wako, watakapokuta ziwa tupu.

Hapa sitaki mtu akosee juu ya omena. Omena ni mdogo kwa maumbile yake, na kumla si kosa. Kosa ni kumvua kwa wavu wa tundu chini ya milimita 10, au kumvua wakati uliofungwa. Katika Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, ili azae. Omena utakayemwona sokoni miezi hiyo aweza kuwa wa akiba iliyokaushwa mapema, au ametoka nchi jirani kwa halali. Muuzaji mwaminifu ataweza kukuambia. Kadhalika mifupa ya mbuta iitwayo mgongo wazi, iliyobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, ni chakula halali.

HASARA YA MWENYE BWAWA

Njia ya pili inayotuhusu ni ufugaji wa samaki. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kufufua uchumi, na katika mpango huo mabwawa ya samaki yenye eneo la mita za mraba 300 yalichimbwa katika sehemu nyingi za nchi, Meru na Embu zikiwamo. Kila bwawa lilitiwa vifaranga 1,000. Kiwanda cha kutengeneza samaki kilijengwa Kanyakine, Imenti Kusini. Watu ambao baba zao hawakula samaki walijifunza kumfuga, kumpika na kumpenda.

Mengi ya mabwawa yale yamekauka tangu wakati ule. Sababu zake ni nyingi: maji yalipungua, chakula cha samaki kilipanda bei, vifaranga vizuri havikupatikana, na maji yetu ya mlimani ni baridi, hata tilapia hukawia kukua. Lakini sababu moja haitajwi mara nyingi, nayo ni soko. Mfugaji wa samaki hununua chakula cha samaki kila juma, na chakula hicho ndicho gharama yake kubwa kuliko zote. Mvuvi wa magendo halishi samaki wake. Halipi leseni, wala hangoji miezi 8. Huchota tu. Samaki wa watu hawa wawili wakiwekwa juu ya meza moja huko Gakoromone, ni nani atakayeweza kupunguza bei zaidi?

Basi mkulima wa skimu aliyechimba bwawa, kisha akanunua samaki wa magendo kwa ajili ya arusi ya mwanawe, amelitia bwawa lake mwenyewe tundu. Na chama cha ushirika kinachohimiza wanachama wafuge samaki, huku hoteli ya mjini ikinunua vichanga vya ziwani bila kuulizwa, kinateka maji kwa pakacha.

Nataka ieleweke ya kuwa vipimo vya urefu nilivyovitaja ni vya samaki wa ziwani. Samaki wa bwawa lako umemlisha mwenyewe, kama kuku wako. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yafaa uwe na daftari na risiti, ili mnunuzi na askari wajue ya kuwa tilapia wako mdogo ametoka bwawani kwako, hakuibwa ziwani.

DAWA YA SHAMBA SI CHAMBO

Njia ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria. Ilikuwa imejulikana ya kuwa watu wengine, hasa upande wa Uganda, walikuwa wakitia dawa za kuua wadudu majini ili kuua samaki kwa wingi, kisha wakawakusanya na kuwauza. Wavuvi waliofanya hivyo walikuwa wachache. Lakini Kenya, Uganda na Tanzania zote zilipata hasara. Viwanda vilipunguza kazi, na mvuvi mwaminifu wa Homa Bay aliteseka kwa kosa la mtu asiyemjua. Wazee walisema samaki mmoja akioza wote huoza, na mwaka ule neno hilo lilitimia katika nchi tatu.

Dawa ile haikutengenezwa kwa ajili ya uvuvi. Ilikuwa dawa ya shamba. Ilitoka kwa mkulima, au dukani kwa jina la mkulima. Vivyo hivyo kule katika skimu ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, watu walitumia dawa ya wadudu iitwayo Furadan kuua bata-maji na ndege wengine, wakawauza kwa watu wawale. Mwaka 2009 wenye kuitengeneza dawa hiyo waliiondoa katika soko la Kenya. Jambo hilo lilitendeka katika skimu, katika mifereji ya wakulima kama sisi.

Mkulima wa mlimani asiseme yuko mbali. Mto Kathita unaopita Meru hupeleka maji yake Tana. Mto Thiba unaonywesha mpunga wa Mwea huingia katika bwawa la Kamburu. Katika mabwawa ya umeme ya Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, watu huvua samaki, na samaki hao huliwa Embu, Mbeere na Meru. Mwisho Tana humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Kile kinachotiwa mtoni huku juu hakisemi kwaheri.

Samaki aliyeuawa kwa sumu hatambulikani kwa macho, wala usitegemee ya kuwa kumchemsha kutaiondoa sumu. Kwa hiyo mtu akikuletea samaki wengi wa mtoni ambao hawana alama ya ndoana wala ya wavu, naye hasemi amewapataje, usinunue, wala usiwape mbwa. Mpashe habari ofisa wa uvuvi au chifu.

Na dawa zako zifungie kwa kufuli. Usimgawie mtu dawa katika chupa ya soda. Usioshe bomba la kunyunyizia dawa mtoni. Mtu akija kukuomba dawa kidogo naye hana shamba, muulize ataua wadudu gani.

MANENO YA WANAOPINGA

Nimesikia watu wakipinga sheria hii, na baadhi ya maneno yao yana haki, yafaa yajibiwe.

Wengine husema, "Samaki mdogo ni chakula cha maskini. Mkimzuia, watoto wa maskini watakosa nyama." Neno hili ni zito. Lakini chakula cha maskini halali kipo: omena, mgongo wazi, na samaki wa mabwawani. Tena maskini ndiye atakayeumia kwanza ziwa likiisha, maana tajiri atanunua kuku. Sheria inayomwachia samaki nafasi ya kukua inamwekea maskini akiba.

Wengine husema, "Mnunuzi atajuaje? Yeye si ofisa wa uvuvi." Hawezi kujua yote, wala sheria haimtaki ajue yote. Lakini urefu wa samaki ni jambo la wazi. Rula ya mtoto wa shule ina sentimita 30. Asiye na rula anao mkono wake: shubiri moja na vidole viwili ni karibu sentimita 25, na dhiraa moja, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole, pamoja na vidole vitatu, ni karibu sentimita 50. Samaki aliyekaushwa hupungua kidogo, basi mfikirie hivyo. Hata hivyo mbuta wa kukausha anayeenea katika kiganja hakupata kuwa na sentimita 50 siku yoyote.

Wengine husema, na hawa nawasikiliza zaidi, "Sheria humkamata mama mwenye beseni, na mwenye lori huachwa apite." Ikiwa ndivyo, ni vibaya. Mama anayeuza samaki sokoni hana mtumbwi, hana wavu, wala hakuagiza nyavu haramu za uzi wa plastiki kutoka nchi za nje. Yeye hununua alfajiri kile kilicholetwa, auze kabla ya jua kukiharibu. Tukianza na yeye na kumaliza na yeye, sheria itakuwa wavu wa ajabu, unaowakamata vidagaa na kuwaacha wakubwa wapite.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba sheria ya kumshika mnunuzi ni sheria njema, lakini mpango wa kuitumia uanze juu kuja chini. Kwanza waagizaji na wauzaji wa nyavu haramu. Pili wenye malori na majokofu, ambao hununua kwa tani. Tatu hoteli, shule za bweni na vyuo, ambao hununua kila juma. Mwisho meza ya sokoni, nayo ifundishwe kabla ya kuadhibiwa. Mnunuzi mkubwa ndiye mwenye uwezo wa kuchagua, basi na awe wa kwanza kuulizwa.

YAFAA TUFANYE NINI

Mambo ya kufanya si magumu, na mengine hayataki fedha nyingi.

Katika soko la Gakoromone na masoko mengine ya Meru na Embu, serikali za kaunti zingeweka ubao wenye alama mbili zilizopakwa rangi, moja ya sentimita 25 na nyingine ya sentimita 50. Mnunuzi na muuzaji watapima samaki mbele ya watu wote. Kipimo kilicho wazi huondoa ubishi, kama mizani ya kiwanda cha kahawa. Muuzaji naye atapata ngao, maana mwenye lori akimletea vichanga atamwambia, "Ubao utanikataa."

Kila lori liletalo samaki lionyeshe kibali cha kusafirisha samaki, nao wanunuzi wa jumla waandike katika daftari jina la ufuko walikotoka samaki na siku waliyofika. Kule ziwani viko vikundi vya kusimamia fukwe, viitwavyo BMU, ambavyo hujua mitumbwi yao. Samaki asiye na ufuko wa kutajwa ana sababu ya kufichwa.

Kaaga ni mahali pa shule na chuo. Wamethodisti walijenga hapa misheni mwaka 1912, na tangu hapo watu wamekuja Kaaga kujifunza. Basi na shule zetu zitie neno moja katika mkataba wa kununua chakula: hatupokei samaki bila karatasi. Shule moja ya bweni ikikataa, mwenye lori atanung'unika. Shule kumi zikikataa, atabadili mahali pa kununua.

Wenye mabwawa nao wajiunge. Mtu mmoja akivuna kilo 40, hoteli haiwezi kumtegemea. Watu 20 wakipanga zamu za kuvuna, hoteli itapata samaki kila juma, na haitakuwa na udhuru wa kununua vya magendo. Sheria yaweza kufunga mlango wa samaki wabaya, lakini haiwezi kujaza meza. Hiyo ni kazi yetu wafugaji.

Na wewe mkulima uendaye sokoni siku ya Jumamosi, kazi yako ni maswali matatu tu. Samaki huyu ametoka wapi? Ana urefu gani? Mbona bei yake ni ndogo hivi? Muulize muuzaji kwa heshima, maana yeye naye anatafuta riziki. Akijibu vizuri, nunua na umshukuru. Asipojibu, weka fedha zako mfukoni, uende meza ya pili. Jioni hiyo mwenye meza ya kwanza atamweleza mwenye lori kwa nini beseni limerudi limejaa.